Kunamua Sataranji

Bao la Kiswahili halianzi kete zote zikiwa ubaoni. Kete ni 64, kila mchezaji ana zake 32, na katika hizo hupanga 10 tu: sita kwenye nyumba, ambayo wengine huiita kuu, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zinazobaki, 22, zimo mkononi. Huzitia moja moja kwa zamu mpaka mkono uwe mtupu, na kipindi hicho kizima, ambacho kikitimia huwa na zamu 44 kwa wachezaji wote wawili, kinaitwa namua. Katika baraza za Kilwa Masoko, Kivinje na Lindi mjini neno hilo halihitaji maelezo. Anayefika katikati ya mchezo huambiwa "bado tunanamua," naye anajua papo hapo kwamba hesabu haijatulia, kwamba aliye nyuma bado ana silaha mkononi, na kwamba ni mapema kumtaja mshindi.

Nalipenda neno hili, na nataka livuke mpaka. Pwani hiihii ina vijana wanaocheza sataranji, wachache kwa mbao za kukunja, wengi kwa simu. Wanacheza vizuri. Lakini wakifika kuzungumzia zile hatua kumi au kumi na tano za mwanzo, ambazo mchezaji makini huwa amezisoma nyumbani kabla hajakaa mezani, Kiswahili kinawakauka. Jina la kipindi hicho hulitaja kwa Kiingereza, na majina ya njia zake zote vilevile. Na hatua chache kutoka walipo, babu zao wananamua.

Neno lenyewe lina maana pana kuliko mchezo. Kunamua ni kunasua: kukitoa kilichonaswa, uwe mguu uliozama matopeni au mnyama aliye mtegoni. Mtu anaweza kushangaa kwa nini bao, ambamo kete inatiwa shimoni, lilichagua kitenzi cha kutoa. Mimi naona waliolichagua waliutazama mkono. Kete iliyo mkononi imefungwa. Haili wala hailiwi. Kila zamu inafungua moja na kuiachia ipambane na nyingine. Kwa hiyo jina halikutokana na shimo linalopokea kete bali na kiganja kinachoiachia, na hilo ni jicho la mchezaji, si la mtazamaji.

Hapo mtu wa sataranji ana haki ya kupinga. Kwake hakuna kilicho mkononi. Kete zake zote 16 zimesimama ubaoni kabla hatua ya kwanza haijapigwa, sasa ananamua nini? Basi na autazame ubao huo vizuri. Safu ya mbele ni vitunda vinane, vimeshikana kama boma. Nyuma yao wamekaa ngome, ndovu, malkia na shaha, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kupiga hatua. Farasi peke yao ndio wanaoruka. Hatua za kwanza zinazowezekana kwa anayeanza ni 20: 16 ni za vitunda na nne ni za farasi, wakubwa waliobaki hawana hata moja. Jeshi zima limenaswa nyuma ya watoto wake lenyewe, na kazi yote ya kipindi cha mwanzo ni kulitoa. Bao limelitumia neno namua kwa maana ya kuazima. Sataranji ingelitumia kwa maana yake ya kamusi.

Niseme kidogo juu ya majina haya niliyoyataja, maana wengine watayaona mageni. Sataranji, shaha na kitunda ni maneno ya kale katika Kiswahili. Sataranji ni shatranj ya Waarabu, walioitoa kwa Waajemi, nao Waajemi wakaitoa kwa chaturanga ya Wahindi. Ni neno lililosafiri pwani kwa pwani katika bahari yetu hii. Shaha ni mfalme wa mchezo huo, na ndilo jina tumpalo kiongozi wa malenga. Vilevile ni ule moyo mweupe wa mnazi, pale kilele kinapochipua makuti. Mkulima wa Lindi anajua kuwa mnazi ukitolewa shaha, umekufa, hata shina likibaki wima na madafu yakiwa bado yananing'inia. Sijaona maelezo bora zaidi ya kumfunga mfalme katika mchezo ambao kete nyingine zote zinaweza kuwa nzima na bado ukawa umeshindwa. Ndiyo maana namwita shaha, simwiti mfalme. Na wale wanaomwita askofu yule aendaye mshazari, mimi nawarudisha kwa ndovu, kwa kuwa Waarabu walimwita fil, na kwa kuwa Kivinje ni mji uliojengwa kwa misafara ya pembe.

Kitunda ni askari mdogo wa mbele. Kwa mtu wa Lindi, Kitunda ni ng'ambo ya pili ya maji, mahali kivuko kinapokwenda na kurudi mchana kutwa. Sidai kwamba majina haya mawili ni ndugu. Lakini kitunda cha sataranji kikifika safu ya mwisho ya adui hugeuka kuwa kete kubwa, na hatua hiyo nayo haina neno lililokaa. Lindi wanalo tayari: kimevuka.

Turudi kwenye mwanzo wa mchezo. Mabingwa wa Baghdad wa karne ya 9 na ya 10, akiwemo as-Suli, walicheza sataranji ya mwendo wa pole. Mahali pa malkia wa leo palikuwa na waziri, naye alikwenda chumba kimoja tu mshazari. Ndovu aliruka vyumba viwili, basi. Kwa hiyo kila mchezaji alijipangia jeshi lake kwa hatua nyingi bila kumgusa mwenzake, na mpangilio aliokusudia kuufikia uliitwa taabiya, yaani upangaji wa vikosi. Waliipa majina. Mmoja uliitwa wenye mbawa, mwingine wa mkondo wa mafuriko, mwingine wa mashekhe. Wachezaji wa dunia nzima bado wanalitumia neno hilo la Kiarabu, kwa matamshi yaliyolegea, kutaja umbo maarufu ambalo michezo mingi huanzia kufikiri. Kwa sikio la Mswahili linasikika kama tabia, ambalo lina mzizi mwingine kabisa. Sitaki tulichukue. Lingetuletea sentensi zisizojulikana kama zinamsema mchezaji au ubao wake.

Mwendo ule wa pole uliisha Hispania mwishoni mwa karne ya 15, waziri alipogeuzwa malkia na kupewa uwezo wa kukata ubao mzima kila upande. Jeshi lililokuwa linakutana baada ya hatua nyingi sasa lilikutana baada ya mbili tatu, na kosa la mwanzo likawa kosa la kufa. Hapo ndipo vitabu vya mianzo vilipohitajika. Mmoja wa waandishi wa kwanza alikuwa Mreno, Pedro Damiano, na kitabu chake kilichapwa Roma mwaka 1512. Kwa sisi wa kusini tarehe hiyo ina uzito wa peke yake. Wareno wa Francisco de Almeida waliingia Kilwa Julai 1505, wakauteka mji na kujenga ngome. Na mwaka 1512, mwaka uleule wa kitabu cha Damiano, wakaiacha ngome hiyo na kuondoka. Mmoja anaandika namna ya kuanza vizuri, wenzake wanafungasha mahali walipoanza kwa mabavu.

Mwaka 1561 padri wa Kihispania, Ruy López, alitoa kitabu chake, na ndani yake akaingiza neno la Kitaliano, gambetto, alilolichukua kwa wapigana mieleka: kumtega mtu kwa mguu aanguke. Kwenye sataranji ni ile hila ya kumwachia adui kitunda mapema ili wewe upate nafasi au mwendo. Neno hilo limeenea kwa umbo la gambit katika lugha nyingi, na vijana wetu wanalisema hivyohivyo. Tungeweza kulifuata kwa mieleka tukasema mtama. Lakini mtama unamwangusha mtu bila kumpa kitu, na hapa kuna kitu kinachotolewa, kinachoonekana, kinachoweza kuchukuliwa au kuachwa. Mtu aliyekulia Kilwa hahitaji kuambiwa. Hicho ni chambo. Adui anaweza kukimeza, anaweza kukikataa. Chambo cha Malkia, Chambo cha Shaha: majina yanakaa mdomoni bila kusukumwa.

Nataka kuyapima maneno haya kwa mchezo mmoja wa kweli, kwa maana istilahi isiyoweza kusimulia mchezo ni pambo tu. Nachagua mchezo wa 6 wa pambano la ubingwa wa dunia, Reykjavik, Julai 23, 1972, Bobby Fischer wa Marekani akicheza nyeupe dhidi ya Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti. Walikuwa sawa, mbili na nusu kwa mbili na nusu. Kila mtu alijua Fischer ananamuaje: anasukuma kitunda kilicho mbele ya shaha hatua mbili, na alikuwa amefanya hivyo karibu maisha yake yote. Siku ile akasukuma kingine, kile cha mstari wa c, upande wa malkia. Ukumbi ulishtuka. Hatua ya tatu alipopeleka kitunda cha malkia mbele, njia ikawa imehamia kwenye Chambo cha Malkia, na Spassky akawa amekikataa, kwa kitunda cha d kilichoegemea kitunda cha e.

Sasa mtazame ndovu mmoja wa Spassky, yule wa upande wa malkia. Kukataa chambo kwa namna hiyo kuna gharama, na gharama ni yeye. Kitunda cha e kimepiga hatua moja tu na kumzibia njia. Farasi mmoja ametoka, ndovu mwenzake ametoka, shaha ameingia ngomeni, na yeye bado amesimama alipozaliwa. Kwa miongo mingi mabingwa wameumiza vichwa juu ya ndovu huyu. Jibu la Spassky hatua ya saba lilikuwa kusukuma kitunda cha b chumba kimoja, ili ndovu apate dirisha la pembeni. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Savielly Tartakower, na katika orodha kuu ya mianzo iliyotungwa Belgrade, inayokwenda kwa herufi na namba kuanzia A00 hadi E99, mchezo huu umeandikwa D59. Kwa Kiswahili ningeueleza kwa maneno mawili: kunamua ndovu.

Naye alinamuliwa, ila kwa mlango mwingine. Hatua ya kumi kitunda cha e kilikula na kuhamia mstari wa d, njia ikafunguka, na hatua ya kumi na moja ndovu akatoka kusimama mbele ya malkia wake. Dakika hiyo mtu angedhani Spassky amemaliza kazi ya mwanzo kwa heshima. Lakini Fischer alikwisha anza kuvishambulia vitunda viwili vya kati vilivyobaki bila jirani, na hatua ya 18 farasi wake akakita katikati ya ubao. Hatua ya 19 farasi huyo akamla ndovu yuleyule. Hatua nyingi za kumtoa, na kuishi kwake uwanjani kukawa hatua nane. Baada ya hapo mashimo yaliyoachwa karibu na shaha mweusi hayakuzibika, na hatua ya 41 Spassky akakubali kushindwa. Kisha alifanya jambo ambalo bado linanigusa nikilisoma: alisimama pamoja na watazamaji akampigia makofi aliyemshinda.

Nimeusimulia bila kukopa neno la kipindi. Kama ningetumia ufunguzi, ambalo baadhi ya waandishi hulipendekeza, ndovu yule angebaki bila maelezo, maana ufunguzi haumwambii msomaji kwamba kuna aliyefungiwa. Tena ufunguzi umeshachukuliwa. Tunafungua mkutano, tawi la benki, na mashindano yenyewe. Mtu akiandika "ufunguzi wa mashindano ulikuwa wa Kihispania" msomaji atauliza mgeni rasmi alikuwa balozi gani. Mwanzo nao ni wakati tu. Napendekeza kipindi kiitwe namua, kama kwenye bao, na kila njia yenye jina iitwe mnamuo: Mnamuo wa Kihispania, Mnamuo wa Sisilia, Mnamuo wa Tartakower. Umbo hilo la nomino ni langu, lakini limefuata njia ya mchezo, mwendo na mtego, na sioni kwa nini lilemae.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ndilo lenye kazi ya kusanifu istilahi nchini, na natumaini siku moja litalipitia faili la sataranji. Hata hivyo neno istilahi lenyewe linasema nani anaamua. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa suluhu: istilahi ni jambo ambalo watu wamepatana. Na kwa kuwa nimelitaja, suluhu ndilo jina linalostahili mchezo uliomalizika kwa wachezaji wawili kupeana mikono bila mshindi, ilhali sare ibaki kwa mchezo ambao kanuni imeulazimisha kuishia hapo.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya ukosefu wa maneno. Mianzo ya sataranji ina majina kwa sababu michezo yake iliandikwa. Mtu alicheza Sisilia, mtu akaandika, mwingine akasoma miaka mia baadaye akacheza tena. Bao letu halijaandikwa hivyo. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja na kutoa kitabu chake juu ya umahiri wao mwaka 1995, na ni kazi ya kushukuru. Lakini fundi wa Kilwa akifa leo, namna yake ya kunamua inazikwa naye. Huu ni mji ulioandika tarikhi ya masultani wake, mji uliopiga sarafu za shaba zenye maandishi ya vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Hatukosi mazoea ya kuandika. Tumeyanyima bao.

Na mambo ya kuandika yapo tangu zamu ya kwanza kabisa. Hesabu mashimo ya safu yako ya mbele kutoka kushoto, 1 hadi 8. Nyumba yako ni la 5, mbilimbili zako ziko la 6 na la 7. Mpinzani amepanga vivyo hivyo upande wake, na kwa kuwa mnatazamana, kete zake zinaangukia mbele ya mashimo yako ya 4, 3 na 2. Hakuna shimo lako lenye kete linalokabili shimo lake lenye kete. Kwa hiyo anayeanza hana cha kula, lazima atakate, yaani atie kete na kuzigawa bila kula. Nyumba nayo haiguswi mapema hivyo, basi limebaki la 6 na la 7, kila moja kulia au kushoto. Dhidi ya njia 20 za sataranji, bao lina chache za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na bado hazilingani hata kidogo.

Ukitia la 6 zinakuwa tatu. Ukizipeleka kulia zinaingia la 7, la 8, kisha zinageuka safu ya nyuma na kulala. Umejifunga, mpinzani hakufikii, naye hana budi kutakata. Huo ni mnamuo wa subira, nao unastahili jina. Ukizipeleka kushoto, ya kwanza inaingia nyumba, ya pili la 4, ya tatu inalala la 3. Sasa kete moja yako inaikabili nyumba yake yenye sita, na nyingine inakabili mbili zake. Umemtishia nyumba, na wakati huohuo umemwekea kete mbili pekepeke mbele ya mdomo, na zamu ni yake.

Hicho nacho ni chambo, kwa maana kamili niliyoitetea juu. Ila bao lina kanuni ambayo Fischer na Spassky hawakuwa nayo: mwenye cha kula lazima ale. Spassky aliweza kukikataa Chambo cha Malkia, na mchezo wote uliofuata ukatoka katika kukataa huko. Anayekaa mbele yako barazani Kivinje hawezi. Anaweza tu kuchagua ale ipi kati ya mbili, na aanze kuzigawa kutoka kichwa kipi, na kila chaguo ni mnamuo tofauti unaosubiri mtu wa kuuandika na kuupa jina.